Alama za Mazoezi ya GRE Zinapogoma Kupanda

Alama zangu za hisabati katika mazoezi ya GRE, mtihani wa kuombea masomo ya uzamili, zimekwama. Zinapanda kidogo, zinashuka kidogo, kisha zinarudi palepale karibu na 157, katika kipimo kinachoanzia 130 na kuishia 170, ilhali shahada ya uzamili ninayoiomba inahitaji zaidi ya hapo. Wenzangu ninaosoma nao jioni wananishauri niongeze mitihani ya mazoezi. Nawaheshimu, lakini katika hili sikubaliani nao.

Mitihani kamili ya bure inayotolewa na ETS, ambao ndio watunzi wa GRE, ni miwili tu, na anayeirudia mara kwa mara huanza kujibu kwa kukumbuka badala ya kutatua. Alama za namna hiyo haziwezi kutegemewa, hata zikipanda.

Naona faida kubwa zaidi katika kulikalia swali moja lililokosewa hadi sababu ya kulikosa ijulikane. Chukua swali la kulinganisha: Kiasi A ni x², Kiasi B ni x, na tumeambiwa kwamba x ni kubwa kuliko 0. Mtu akijaribu 2, kisha 3, kisha 10, ataona A ni kikubwa kila mara, naye atachagua hivyo bila wasiwasi wowote. Lakini nusu ikizidishwa kwa nusu ni robo, na 1 ikizidishwa kwa 1 hubaki 1, kwa hiyo jibu sahihi ni kwamba uhusiano wa viasi hivyo hauwezi kubainishwa. Aliyekosa hapo anaijua aljebra; alichokosa ni mazoea ya kujaribu namba zilizo kati ya 0 na 1, na kurudia sura nzima ya kitabu hakutampa mazoea hayo.

Ndiyo maana katika daftari langu, mbele ya kila swali nililokosa, naandika sababu iliyonifanya niliamini jibu lile. Maswali niliyopata kwa kubahatisha nayaandika pia. Kisha nalirudia swali bila saa. Nikilipata, tatizo ni muda, kwa kuwa tangu Septemba 2023 sehemu mbili za hisabati zina maswali 27 kwa dakika 47, yaani chini ya dakika mbili kwa swali. Nikilikosa tena, ninarudi kwenye somo lenyewe.

Upande wa lugha, alama zinaweza kuficha maendeleo ya kweli, jambo linalowavunja moyo watu wenye bidii kubwa. Swali la kujaza nafasi tatu halitoi alama za nusunusu: aliyejaza mbili sawasawa anapata sifuri sawa na aliyekosa zote. Mtu aliyekuwa akipata nafasi moja, na sasa anapata mbili, amejifunza mengi, ingawa alama zake hazionyeshi. Kwa hiyo ninahesabu nafasi moja moja, na nawasihi wenzangu wafanye hivyo kabla ya kuamua kwamba msamiati wao haukui.

Mtihani mmoja wa bure bado sijaugusa. Nitaufanya makosa ya aina ile ya x² yatakapoacha kujirudia daftarini, na tarehe ya mtihani halisi nitaipanga baada ya hapo.