Depo ya baba imekuwa nyumba yetu

Depo hii, yaani ghala, iko Keshero, mtaa wa Goma, mashariki mwa Kongo; baba aliijenga kwa ajili ya viazi na maharagwe ya Masisi. Kuta ni mawe meusi ya volkano, nene kuliko mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Madirisha hayakuwapo, ila matundu manne juu, karibu na manjanja, mabati ya paa. Januari 2002, lava ya volkano ya Nyiragongo iliposhuka kupita katikati ya mji wa Goma hadi ziwani, nyumba yetu ya Birere ilimezwa. Tuliporudi kutoka Gisenyi tulilala humu, watu tisa juu ya magunia. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na harufu ya viazi vinavyoanza kuoza sijaisahau.

Kaka zangu walitaka tubomoe tujenge kwa bloku za saruji. Nilikataa. Mawe haya yameshachongwa, yameshalipiwa, na mitetemeko iliyofuata mlipuko wa Mei 22, 2021 iliyachora ufa mmoja tu, juu ya mlango. Kuyavunja ili tununue saruji mpya niliona ni kumkosea baba, na kuyakosea mawe yenyewe.

Kilichotusumbua ni shimo la viazi. Lilikuwa upande wa chini wa paseli, yaani kiwanja chetu, kina cha mita moja na nusu, zege pande zote, baridi nzuri. Binamu yangu anayesomea ujenzi alilichora kuwa chumba cha watoto, nusu ndani ya ardhi. Mchoro ulikuwa mzuri kweli, niliupenda. Papa fundi aliuangalia akanyamaza. Kesho yake alifika saa kumi na mbili asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaamka, akafunga mshumaa kwenye ncha ya fito, akauwasha, akaushusha taratibu. Ulipofika usawa wa goti kutoka chini, moto ukawa mdogo, ukainama, ukazimika. Upepo haukuwapo. Akauwasha tena. Ukazimika palepale.

“Dada,” akasema, “humu mtoto halali.”

Mazuku. Ni hewa ya kaboni dioksidi inayopenya kwenye nyufa za mawe, nzito kuliko hewa ya kawaida, ikajaa mabondeni na mashimoni usiku wakati upepo umetulia. Haina rangi, na anayelala chini haamki. Watu wa upande huu, kutoka Himbi hadi Sake, wanaijua. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini baba alikuwa anatukataza kushuka shimoni kabla ya jua kupanda. Alituambia mle mnakaa nyoka.

Shimo tukalijaza mawe. Sakafu nzima tukaipandisha sentimita sitini, chini yake tukaacha nafasi tupu yenye matundu yanayotazama mteremko, ili hewa hiyo ikifika itiririke nje kama maji. Hiyo ilikula karibu theluthi ya pesa zetu, na sijutii hata franka moja.

Manjanja ya zamani yalikuwa yameliwa na kutu, maana moshi wa Nyiragongo unaifanya mvua kuwa chachu. Tuliezeka mapya yaliyopakwa rangi, tukaweka mifereji na siterne, tangi la maji ya mvua. Maji hayo tunafulia, tunaogea, tunamwagilia sombe, mihogo ya majani ya mboga. Hatuyanywi: yanabeba floridi ya volkano, na meno ya watoto yenye madoa ya kahawia tumeyaona vya kutosha. Choo je? Kuchimba kwenye lava ni kuvunja vyuma bure, kwa hiyo tulijenga choo kikavu juu ya ardhi, vyumba viwili, majivu badala ya maji. Mama alisita wiki mbili. Sasa anawaonyesha wageni wake.

Madirisha tuliyatoboa upande wa ziwa, moja baada ya jingine, kila moja na linto yake ya zege kwanza, boriti ya kubeba ukuta juu ya dirisha. Mchana mawe yanashika jua. Usiku, baridi ya Goma ikishuka, ukuta wa chumba cha mama bado una uvuguvugu ukiugusa kwa kiganja.

Ndoano ya mizani ya baba tumeiacha kwenye boriti. Na ile fito ya Papa fundi iko nyuma ya mlango, na mshumaa wake. Kila alfajiri, kabla ya kuwaamsha watoto, natoka nje, nainama kwenye tundu la chini kabisa, naushusha.