Leza ya kuondoa nywele kwenye ngozi nyeusi: uliza mashine kabla ya kuuliza bei

Watu wengi wakipiga simu kliniki huanza na bei. Kwa mwenye ngozi nyeusi, swali la kwanza liwe hili: mashine yenu inatoa mwanga wa nanomita ngapi (yaani urefu wa wimbi la mwanga)? Jibu unalotaka kulisikia ni 1064. Mhudumu akibabaika, au akijibu tu kwamba mashine yao ni mpya na inafaa ngozi zote, usiweke miadi bado.

Leza haing'oi unywele. Inapiga mwanga unaonyonywa na melanini, ile rangi nyeusi iliyomo ndani ya unywele. Mwanga hugeuka joto, na joto hushuka hadi kwenye mzizi na kuuharibu. Kanuni hii waliieleza Anderson na Parrish mwaka 1983, na mashine za leo bado zinaifuata. Tatizo letu ni kwamba melanini hiyohiyo ndiyo inayoipa ngozi yetu weusi wake. Mwanga ukiikuta kwenye tabaka la juu la ngozi, unanyonywa hapohapo, na ngozi inaungua kabla mzizi haujapata joto la kutosha.

Hapo ndipo namba inapoamua mambo. Leza ya aleksandraiti, nanomita 755, hunyonywa sana na melanini. Kwa mtu mweupe mwenye nywele nyeusi inafanya kazi nzuri mno, lakini kwa ngozi yetu ni njia ya haraka ya kupata malengelenge. Leza ya daiodi, kwenye nanomita 800 hadi 810, iko katikati: mtaalamu mzoefu anaweza kuitumia kwa mtu wa maji ya kunde ikiwa ataurefusha muda wa pigo na kupunguza nguvu. Leza ya Nd:YAG, nanomita 1064, hunyonywa kidogo zaidi na melanini na huzama ndani zaidi, kwa hiyo hulipita tabaka la juu bila kulichoma na kuufikia mzizi. Madaktari hupanga ngozi kwa kipimo cha Fitzpatrick, kilichoanza mwaka 1975, kutoka daraja la 1 hadi la 6. Wengi wetu tuko la 5 na la 6, na kwa madaraja hayo Nd:YAG ndiyo chaguo salama zaidi. Ina gharama zake: inauma zaidi, na kwa nywele laini haina nguvu sana.

IPL ni kitu kingine, hata kama bango la saluni linaiita leza. Ni taa kali inayotoa mchanganyiko wa mawimbi mengi kwa mkupuo, na sehemu ya mawimbi hayo ndiyo yale yanayonyonywa sana na ngozi nyeusi. Vile vifaa vidogo vya kutumia nyumbani vingi ni IPL. Angalia chati ya rangi iliyo kwenye boksi: rangi nyeusi zaidi mara nyingi imewekewa alama ya kukatazwa, na vingine vina kihisi kinachokataa kuwaka vikigusa ngozi nyeusi. Usijaribu kukihadaa kihisi hicho. Kuna pia mashine zinazouzwa kama "mawimbi matatu", 755, 808 na 1064 kwa pamoja. Kama kichwa cha mashine, kile kinachotoa mwanga, kinapiga yote matatu kwa wakati mmoja, ngozi yako inapokea na lile la 755. Uliza kama 1064 inaweza kupigwa peke yake. Jina na namba huandikwa kwenye bamba la mashine au kwenye kitabu chake; omba uonyeshwe.

Mambo mengine mawili ya mashine hayatajwi kwenye matangazo. La kwanza ni muda wa pigo. Ngozi nyeusi inahitaji pigo refu, kwa Nd:YAG mara nyingi milisekunde 20 hadi 40 au zaidi, ili ngozi ipate nafasi ya kupoa huku unywele mnene ukiendelea kushika joto. La pili ni upoozaji: hewa baridi, dawa baridi inayonyunyiziwa kabla ya pigo, au kioo baridi kinachogusa ngozi. Upoozaji ukishindwa, hata Nd:YAG inaunguza. Kwa hiyo kuuliza umeme ukikatika inakuwaje ni haki yako. Baada ya umeme kurudi, mashine isubiriwe ipoe hadi ifikie kiwango chake ndipo kazi iendelee.

Sasa, je, nywele zako zenyewe zinafaa? Leza inahitaji unywele mweusi na mnene. Mvi haziondoki, kwa kuwa hazina melanini ya kunyonya mwanga. Malaika, zile nywele laini za mashavuni na shingoni, ni bora ziachwe. Wakati mwingine joto dogo lisilotosha kuua mzizi huuchochea, na nywele zinarudi nyingi na nene kuliko mwanzo. Hutokea zaidi usoni na shingoni, hasa kwa wanawake wenye mvurugiko wa homoni. Mhudumu anayekubali kupiga uso mzima wenye malaika kwa sababu umeomba hakutendei wema.

Mwanamke anayeota nywele nene kidevuni, kifuani au tumboni, hasa kama hedhi yake haina mpangilio au ana chunusi nyingi, aanze kwa daktari. Mara nyingi chanzo ni PCOS, hali ya homoni inayohusu ovari, na hupimwa kwa historia, damu na ultrasaundi. Homoni zisiposhughulikiwa, leza itaua mizizi ya leo na mwili utaamsha mingine kesho. Nywele zikijitokeza ghafla ndani ya miezi michache, sauti ikiwa nzito au nywele za kichwani zikipukutika mbele, usichelewe kabisa kumwona daktari.

Kwa wanaume, faida kubwa iko kwenye vipele vya ndevu. Ndevu zetu zimejikunja. Zikinyolewa, ncha kali hugeuka na kuchoma ngozi, ikifuatiwa na vipele, usaha na weusi shingoni. Nd:YAG hupunguza wingi na unene wa ndevu, na vipele hupungua sana hata bila kuziondoa zote. Lakini fikiria mapema: sehemu iliyopigwa mara nyingi inaweza isiote ndevu za kutosha tena ukija kuzitaka.

Maandalizi yanaanza wiki 4 kabla. Acha kung'oa kwa namna yoyote: waksi, halawa ya sukari na ndimu, uzi, kibanio, mashine ya kung'oa. Unywele ukishang'olewa, mwanga hauna cha kushika na pesa yako imepotea. Wembe unaruhusiwa wakati wote, na kunyoa hakufanyi nywele ziwe nene. Kwa wanaofuata sunna ya kutoacha nywele za kwapa na kinena zipite siku 40, wembe kati ya awamu na awamu ya leza unatosha. Nyoa saa 12 hadi 24 kabla ya miadi. Unywele ulioachwa juu ya ngozi hunyonya mwanga hapohapo juu na kuichoma ngozi.

Mkorogo unahitaji ukweli mtupu. Krimu za kujichubua, ziwe na haidrokwinoni, zebaki au steroidi kama clobetasol na betamethasone, huidhoofisha ngozi; steroidi hasa huifanya iwe nyembamba, ichubuke upesi na ipone taratibu. Mhudumu akikuona mweupe kuliko ulivyo kweli, anaweza kuchagua nguvu isiyokufaa. Mwambie unachopaka, hata kama kopo halina lebo. Kama umetumia steroidi kwa miezi, usiikatishe ghafla peke yako, maana ngozi inaweza kulipuka kwa wekundu na vipele. Pata daktari wa ngozi akuongoze, na leza isubiri hadi ngozi itulie.

Hina na piko vinasahaulika sana, hasa na maharusi. Piko ni rangi nyeusi iliyokaa juu kabisa ya ngozi, na leza huichukua kama ilivyoichukua melanini. Usipigwe leza juu ya maua ya piko au hina hadi yafutike kabisa. Tatuu vilevile: haipigwi juu yake, wala karibu nayo. Singo na visuguzi vingine viache siku kadhaa kabla, na krimu za retinoidi za chunusi au makunyanzi ziache angalau siku 3 hadi 7. Bibi harusi anayetaka makwapa na miguu laini aanze miezi minane au zaidi kabla ya harusi. Akija wiki mbili kabla, aende zake akatengeneze halawa.

Taja dawa zote unazomeza. Doksisaiklini, ambayo wengi hutumia kwa chunusi au kinga ya malaria, hufanya ngozi iungue kwa urahisi na mwanga, hasa wa jua, na wahudumu wengi huahirisha hadi dozi iishe. Waliotumia isotretinoini, dawa ya kumeza ya chunusi kali, huombwa kusubiri, mara nyingi miezi 6, ingawa baadhi ya madaktari siku hizi wamelegeza. Sema kama una makovu yanayovimba, yaani keloidi, kama hupata malengelenge ya mdomoni ya homa (unaweza kupewa acyclovir, dawa ya virusi, kabla ya kupigwa usoni), na kama una mimba. Wajawazito huahirishwa kwa kuwa ushahidi wa usalama hautoshi.

Krimu ya ganzi itumike kidogo na kwa maelekezo. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo baada ya wanawake wawili vijana kufariki: walipaka krimu kali ya ganzi miguuni kabla ya leza na kuifunika kwa plastiki, dawa ikaingia kwenye damu kwa wingi. Usipake mguu mzima, usifunike kwa nailoni, wala usinunue krimu iliyochanganywa mtaani.

Kabla ya kulipia chochote, dai jaribio. Mhudumu hupiga sehemu ndogo ndani ya eneo litakalotibiwa. Wengine huangalia baada ya saa 48, lakini kwa ngozi nyeusi weusi au malengelenge huweza kuchelewa, kwa hiyo wiki moja hadi mbili ni bora zaidi. Kifurushi cha awamu 8 kilicholipiwa kabla ya jaribio ni pesa uliyoiweka rehani.

Ndani ya chumba, wote mvae miwani ya kinga inayolingana na wimbi la mashine. Nyusi zilizo ndani ya mfupa wa tundu la jicho hazipigwi: mwanga unaweza kupenya kope na kuumiza jicho. Kioo cha kichwa kifutwe mara kwa mara, kwani mabaki ya nywele zilizoungua yakiganda pale, nayo hushika moto na kuchoma ngozi. Kila pigo huuma kama mpira wa kufungia pesa uliovutwa na kuachiwa. Maumivu yanayokatika mara moja ni ya kawaida. Moto unaobaki na kuongezeka si wa kawaida, na ni lazima useme papo hapo.

Kwa mtu mweupe, mhudumu hutazama wekundu kuzunguka nywele. Kwetu wekundu hauonekani vizuri, hivyo anayejua kazi atatafuta vinundu vidogo vinavyovimba kuzunguka kila kinyweleo dakika chache baada ya pigo. Hivyo ni dalili njema. Ngozi ikibadilika kuwa ya kijivu kama majivu, au ikianza kujiinua, isimamishwe palepale. Alama za baadaye pia husema kilichoharibika. Duara au mraba kamili wenye ukubwa wa kichwa cha mashine humaanisha nguvu ilizidi au pigo lilirudiwa mahali pamoja. Alama ya mwezi mwandamo humaanisha kichwa kilishikwa kwa kuinama, dawa baridi ikakosa upande mmoja.

Ukiungua, poza kwa maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja, na dawa ya meno isikaribie. Usipasue malengelenge. Piga picha, omba vipimo walivyotumia, uende kwa daktari wa ngozi. Weusi unaofuata kuungua mara nyingi hufifia kwa miezi, mradi jua lisiupate. Madoa meupe huchelewa zaidi, na mengine hubaki.

Bila tatizo, utunzaji ni mwepesi. Saa 24 hadi 48 za kwanza acha maji ya moto, mvuke, mazoezi ya jasho na nguo za kubana; kwapani acha deodoranti kwa siku nzima. Sehemu zinazopigwa na jua zipakwe kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi kila siku. Siku 7 hadi 14 baadaye utaona nywele kama zinaota. Nyingi ni mabaki yanayosukumwa nje. Yaache yadondoke yenyewe.

Awamu ni 6 hadi 8 kwa kawaida, maana leza inashika tu mizizi iliyo kwenye hatua ya kukua, na kila wakati ni sehemu tu iliyo hapo. Kati ya awamu na awamu, usoni huachwa wiki 4 hadi 6, mwilini 6 hadi 8 au zaidi. Anayekuita kila wiki mbili anauza miadi. FDA huiita kazi hii upunguzaji wa kudumu wa nywele. Wengi huhitaji kurudia mara moja moja. Uondoaji kamili wa kudumu ni wa elektrolisisi, sindano ya umeme kwa unywele mmoja mmoja, na hiyo huondoa hata mvi.

Mwisho wa kila awamu, nakili au piga picha ya kadi yako: aina ya leza, nguvu kwa jouli kwa sentimita mraba, milisekunde za pigo, ukubwa wa kichwa na jinsi ngozi ilivyoitikia. Mhudumu akibadilika, au ukihamia kliniki nyingine, atakayefuata ataanzia kwenye namba hizo.