Tumelifuta Tawi la develop

Timu yetu ndogo, inayotunza tovuti moja tu, imeachana na mpangilio wa matawi mengi katika Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, ambamo tawi ni mkondo wa mabadiliko uliotengwa na mingine, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliolipigia debe jambo hilo. Tulikuwa tukifuata mpangilio ulioelezwa na mtengenezaji programu Vincent Driessen mwezi Januari 2010, wenye matawi mawili ya kudumu, master lenye msimbo uliokwisha kutolewa na develop la kukusanyia kazi ya toleo lijalo, pamoja na matawi ya muda ya kazi mpya, ya kuandaa matoleo na ya marekebisho ya dharura. Si mpangilio mbaya. Anayetengeneza programu ya kusakinishwa, ambayo baadhi ya wateja wake wangali na toleo la 2 ilhali wengine wamehamia la 3, ana sababu ya kuutumia. Sisi toleo letu ni moja, lile lililo kwenye seva. Driessen mwenyewe, Machi 2020, aliongeza maelezo kwenye makala yake akizishauri timu zinazotoa mabadiliko mfululizo zichague utaratibu mwepesi zaidi.

Kero kubwa ilikuwa marekebisho ya dharura. Hitilafu ya ukurasa wa malipo iliporekebishwa, rekebisho lilipaswa kuunganishwa mara mbili, kwenye master na kwenye develop. Hatua ya pili iliposahaulika, toleo lililofuata lilijaribiwa bila rekebisho hilo, na siku ya kuliunganisha na master ukazuka mgongano kwenye mistari ile ile, yaani Git ikashindwa kuchagua kati ya mabadiliko mawili, ambao mtu asiyejua kilichotokea angeweza kuusuluhisha kwa kurudisha msimbo mbovu.

Sasa tawi la kudumu ni main peke yake. Mtu husasisha main, huandika `git switch -c rekebisha-risiti` ili kufungua tawi jipya, hufanya kazi yake, kisha hutuma ombi la kuunganisha. Vipimo vikipita na mwenzake akiridhika, kazi huingia main, hupelekwa kwenye seva, na tawi hufutwa. Kufungua tawi hakuna gharama, kwa kuwa ndani ya Git tawi ni kielekezi tu cha komiti moja, yaani hatua moja ya kazi iliyohifadhiwa. Gharama huja tawi likikaa wiki nzima huku main ikisonga mbele.

Kazi kubwa isiyokamilika huingia main vipande vipande, ikiwa imefichwa nyuma ya swichi kwenye faili la usanidi. Swichi hizo nazo huzeeka, kwa hiyo anayeiwasha kwa watumiaji wote ndiye anayefungua tawi la kuiondoa.