Kemia niliyojifunza kwenye mto unaokauka

Mito mingi ya Dodoma hupitisha maji kwa miezi michache tu. Mvua za huku, ambazo kwa wastani ni kati ya milimita 550 na 600 kwa mwaka, hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili, na zikishakatika, korongo hubaki na mchanga na madimbwi machache, pamoja na kijito chembamba cha majitaka pale linapopita karibu na makazi. Nilipofika mwaka wa tatu wa shahada ya ualimu wa sayansi na kutakiwa kuchagua mada ya utafiti wa Kemia, niliamua kuchunguza mto mmoja wa namna hiyo, unaopita pembezoni mwa mji na kuelekea upande wa Kinyasungwe Ndogo, mto unaojaza Bwawa la Hombolo. Wenzangu kadhaa walinishauri nitafute mto wenye maji mwaka mzima, kwa hoja kwamba mto mkavu hauna cha kuchafuliwa. Mimi naona mto unaokauka ndio unaoumizwa zaidi na uchafu, kwa kuwa hauna maji ya kuuchukua wala ya kuupunguza makali, na ndio ulionifanya niielewe Kemia niliyokuwa nimeisoma tangu kidato cha kwanza.

Mwalimu wangu msimamizi aliposoma andiko langu la mwanzo aliniuliza swali moja ambalo baadaye lilibeba kazi yote. Alisema: "Ukipima chumvi mwezi wa nne, kisha ukapima mahali hapohapo mwezi wa nane ukakuta imeongezeka maradufu, utajuaje kwamba kuna kitu kilichoingia mtoni, na kwamba si jua tu lililopunguza maji?" Dodoma jua hukausha maji kwa kiasi kinachozidi mvua mara kadhaa, kwa hiyo swali hilo halikuwa la kinadharia. Dimbwi la kiangazi ni kama mchuzi uliosahauliwa jikoni: hakuna aliyeongeza chumvi, lakini ukiuonja utasema imezidi. Nilikuwa nimefanya hesabu za ukolezo kwa miaka mingi, moli juu ya lita, gramu juu ya lita, bila kutilia maanani kwamba namba hiyo ina sehemu mbili, na kwamba inaweza kupanda kwa sababu ya ile ya juu, yaani chumvi kuongezeka, au kwa sababu ya ile ya chini, yaani maji kupungua. Kutenganisha kukolea na kuchafuka ndiko kulikokuwa kazi yenyewe.

Jibu lilipatikana kwa ioni ya kloridi, yaani chembe ya klorini yenye chaji hasi iliyomo kwenye chumvi ya kawaida. Kloridi ni ioni tulivu: haivukizwi na jua, bakteria hawaitumii kwa kiasi cha kuonekana, haigeuki gesi, na katika maji ya kawaida ya mto haitengenezi mashapo. Maji yakipungua kwa nusu kwa sababu ya jua, ukolezo wa kloridi huongezeka maradufu, na kila kitu kingine ambacho hakikuingia wala kutoka nacho huongezeka maradufu vilevile. Kwa hiyo badala ya kulinganisha naitrojeni, ambayo ndiyo alama ya majitaka niliyoitafuta, ya mwezi wa nne na ya mwezi wa nane, nilipaswa kulinganisha uwiano wa naitrojeni kwa kloridi katika miezi hiyo miwili. Uwiano ukibaki palepale, huenda ni jua. Uwiano ukipanda, naitrojeni imetoka mahali pengine.

Nasema "huenda" kwa makusudi. Mkojo na maji ya jikoni huleta kloridi pamoja na naitrojeni, na naitrojeni yenyewe hupotea njiani kwa kuliwa na mimea au kuruka hewani ikiwa amonia, kwa hiyo uwiano usiobadilika hauthibitishi kwamba maji ni safi. Lakini uwiano unaopanda licha ya hasara hizo ni ushahidi mzito. Kwenye kituo changu cha juu, kabla ya makazi, kloridi ilipanda sana kadiri kiangazi kilivyoendelea, na naitrojeni ikafuatana nayo kwa karibu. Kwenye kituo cha chini ya makazi uwiano ulipanda. Maji ya vituo vyote viwili yalikuwa na chumvi ya kuonjeka, na mtu anayehukumu kwa ulimi asingeona tofauti.

Kloridi niliipima kwa njia ya Mohr, ambayo inahitaji vifaa vichache: bureti (mrija wenye vipimo wa kudondoshea kimiminika), silva naitreti, na matone ya potasiamu kromati ya njano kama kiashiria. Silva hukamatana kwanza na kloridi na kutoa mashapo meupe, na kloridi ikiisha ndipo tone linalofuata hukamatana na kromati na kuacha rangi nyekundu ya udongo ambayo haipotei hata ukitikisa. Nilikuwa nimekariri kwamba zao la uyeyukaji la silva kloridi, namba inayoonyesha jinsi inavyoyeyuka kwa uchache, ni takriban 1.8 × 10⁻¹⁰, na hapo niliona kwa macho namba hiyo inafanya kazi gani: ndiyo inayoamua nani atatangulia kutoka kwenye myeyusho. Njia hii hutaka maji yasiyo na asidi wala besi kali, kwa kuwa kwenye asidi kromati hugeuka daikromati na kwenye besi kali silva huanguka yenyewe, kwa hiyo kupima pH, yaani kipimo cha asidi na besi, kabla ya kuanza ni lazima. Mabaki yote yenye silva niliyakusanya kwenye chupa ya kahawia, kwa sababu sikuona maana ya kuchunguza uchafuzi wa mto huku nikimwaga metali nzito kwenye sinki.

Sehemu iliyonigusa zaidi ilikuwa oksijeni. Njia niliyotumia ni ya Lajos Winkler, mkemia wa Hungaria aliyeieleza mwaka 1888, na inafaa sana kwa sisi tusio na vifaa vya elektroniki kwa sababu hatua zake za kwanza hufanyika ukiwa umesimama mtoni. Unajaza chupa bila kuacha kiputo hata kimoja cha hewa, unaongeza manganizi salfeti, kisha potasiamu ayodaidi iliyo kwenye besi kali, unafunga na kugeuzageuza. Kama maji yana oksijeni, mashapo hugeuka kahawia. Kama hayana, hubaki meupe. Chupa ya kituo cha juu iligeuka kahawia mikononi mwangu. Ile niliyojaza mita chache chini ya mahali majitaka yanapoingia ilibaki nyeupe kama maziwa, na nilikaa nikiitazama kwa muda, kwa kuwa nilijua kwamba hakuna samaki wala mdudu anayetegemea oksijeni ya majini ambaye angeweza kuishi pale.

Maabara ndiko hesabu inakokamilika. Asidi ya salfuriki huyeyusha yale mashapo, manganizi huchukua elektroni kutoka kwa ayodaidi, ayodini hutoka na kuyapa maji rangi ya njano, na sodiamu thiosalfeti hudondoshwa kutoka kwenye bureti hadi rangi ya buluu, inayotokana na wanga ulioongezwa kama kiashiria, ipotee. Kila molekuli moja ya oksijeni iliyokuwa mtoni hupokea elektroni nne, na kwa hiyo hulipiwa na thiosalfeti nne. Ukitumia sampuli ya mililita 200 na thiosalfeti ya moli 0.025 kwa lita, kila mililita inayoshuka kwenye bureti ni miligramu moja ya oksijeni kwa lita ya maji ya mto. Nilipoifanya hesabu hiyo mwenyewe na kuona kwamba urahisi huo umetokana na mtu kuchagua ukolezo kwa makini, niliacha kuiona milinganyo ya redoksi, yaani ya kupeana elektroni, kama mafumbo ya mtihani.

Namba hizo nazo zinahitaji kipimo cha kuzilinganisha. Vitabu vingi husema kwamba maji safi ya nyuzijoto 25 hushika takriban miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita, lakini hiyo ni kwa usawa wa bahari. Mji wa Dodoma uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, ambako kanieneo ya hewa ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10, na kwa kanuni aliyoitoa William Henry mwaka 1803, gesi inayoyeyuka hupungua kwa kadiri hiyohiyo. Kwa maji ya huku kiwango cha juu kabisa kwa joto hilo ni takriban miligramu 7.2. Asiyelifahamu hili ataulaumu mto wetu kwa upungufu ambao ni wa mwinuko.

Kuna dimbwi moja, chini zaidi ya makazi, lililonitatiza kwa sababu maji yake ya kijani yalikuwa na oksijeni nyingi kupita kiwango hicho. Nilipolipima asubuhi mapema kabla jua halijapanda, oksijeni ilikuwa kidogo mno. Mwani ndio uliokuwa ukifanya kazi: mchana hutengeneza oksijeni na kumaliza kaboni dioksaidi, usiku huivuta oksijeni ileile. Kaboni dioksaidi ikipungua, asidi hupungua na pH hupanda, na hapo ndipo nilipokutana na msawazo wa kikemia ukiwa nje ya karatasi. Amonia iliyo majini huwa katika sura mbili, ioni ya amoniamu isiyo na madhara makubwa na amonia yenyewe ambayo ni sumu kwa samaki. Kwa joto la nyuzi 25, kwenye pH ya 7 sehemu iliyo sumu ni karibu nusu ya asilimia moja tu, kwenye pH ya 8.25 hufika takriban asilimia 9, na kwenye 9.25 ni nusu kwa nusu. Maji ni yaleyale, uchafu ni uleule, lakini alasiri yananuka na yanaua, na asubuhi hayanuki. Hii ndiyo sababu sampuli za amonia niliziongezea asidi palepale mtoni na kuziweka kwenye sanduku la barafu: asidi huisukuma amonia yote iwe ioni, isiruke, na pamoja na baridi huwazuia bakteria wasiendelee kuila njiani.

Bakteria hao wana sehemu yao katika ile chupa nyeupe. Wao hugeuza amonia kuwa naitreti, na kwa mlinganyo wao kila miligramu moja ya naitrojeni iliyo kwenye amonia hula takriban miligramu 4.6 za oksijeni. Ukigawa 7.2 kwa namba hiyo unapata chini kidogo ya 1.6. Maana yake ni kwamba lita moja ya maji ya Dodoma yaliyojaa oksijeni inaweza kumalizwa yote na kiasi cha amonia kisichojaa kwenye ncha ya kijiko, iwapo hewa haitarudisha inayotumika, na katika dimbwi lililosimama hewa hurudi polepole mno.

Kando ya kijito hicho kuna bustani za mchicha na matembele. Mama mmoja anayelima pale, ambaye nilizoea kumwamkia kila nilipopita na chupa zangu, aliniambia: "Mwanangu, haya maji ndiyo mbolea yetu, mchicha wa hapa haujawahi kukosa rangi." Alikuwa sahihi, maana naitrojeni niliyokuwa nikiihesabu kama uchafu ndiyo ileile aliyoikosa mkulima wa mlimani. Hata hivyo alinieleza pia kwamba kiangazi kikikolea, baadhi ya watu huchimba visima vifupi mchangani, mita chache kutoka kwenye kijito, na maji yanayojichuja humo huwa meupe na hayana harufu.

Hapo nilikumbuka kanuni ambayo kila mwanafunzi wa Kemia huikariri kwa ajili ya mtihani wa vitendo: chumvi zote za naitreti huyeyuka majini. Sasa kanuni hiyo ilikuwa na uzito mwingine. Kwa kuwa naitreti haitengenezi mashapo, mchanga hauishiki. Shabu na mbegu za mlonge hukusanya tope kwa sababu chembe za udongo zina chaji hasi na huvutwa na chaji chanya, lakini naitreti, ambayo imeyeyuka na si chembe, hubaki pale ilipo. Klorini huua vijidudu na kuiacha. Kuchemsha huipunguzia maji, yaani huikoleza. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 50 za naitreti kwa lita moja ya maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa yaliyokorogwa kwa maji hayo, kwa sababu ndani ya mwili naitreti hugeuka naitraiti, na naitraiti huifanya damu ishindwe kubeba oksijeni.

Nilipomrudia yule mama nilimweleza kwa maneno ya kawaida kwamba maji ya kisima cha mchangani, hata yakiwa meupe na yakichemshwa, yasitumike kumkorogea mtoto mchanga maziwa, na kwamba mboga za kuliwa mbichi zisimwagiwe maji ya kijito, kwa kuwa huko hatari ni ya vijidudu zaidi kuliko chumvi. Aliniuliza kama shambani aache kuyatumia kabisa. Nilimjibu kwamba kwa mchicha unaopikwa, ayamwage chini kwenye shina na aache siku kadhaa kabla ya kuvuna, na akaniambia hilo analiweza.

Sampuli ninazozisubiri sasa ni za mvua ya kwanza. Maji ya kwanza kushuka korongoni mwezi Desemba huyeyusha chumvi yote iliyoachwa na kiangazi juu ya mchanga na kuibeba kwa pamoja kuelekea bwawani, na kwa kuwa hupita kwa saa chache tu, nimekubaliana na wanafunzi wawili wa mwaka wa pili wanaoishi karibu na korongo kwamba chupa zitakuwa kwao tayari, zikiwa zimeoshwa kwa maji yaliyokenekwa na kuandikwa vituo, ili yeyote atakayesikia mto unashuka aanze kujaza bila kunisubiri.