Siku moja maishani mwangu: kuwinda ndege chozi bila manati, Karatu

Saa kumi na moja alfajiri. Naamka, navaa majaketi mawili, nahakikisha betri zimejaa na kadi imo ndani ya kamera. Chai ya rangi na kiporo, kisha bodaboda. Asiyewahi kufika Karatu mwezi wa saba anadhani Tanzania yote ni joto. Huku ukungu unateremka kutoka Ngorongoro, na ukifika mwisho wa safari vidole vimekufa ganzi, na ndivyo hivyo hivyo unavyovitegemea kubonyeza kamera.

Dereva ananijua. "Leo harusi ya nani?"

"Leo ndege."

"Kijana mzima, unawinda ndege bila manati!" Anacheka njia nzima.

Riziki yangu ni harusi, kipaimara na picha za pasipoti. Ndege nimeanza kujifunza mwaka huu, na hii ndiyo kazi yangu ya kwanza ya ndege yenye malipo: hoteli moja ya watalii, karibu na msitu, inataka picha za ndege wa bustani yake kwa ajili ya kipeperushi. Nyumbani wanaamini nashinda nikitembea kwenye majani na kubonyeza. Wangejua mgongo unavyouma.

Saa kumi na mbili na nusu. Getini begi langu linakaguliwa tena kana kwamba hawajapata kuniona. Ndani namkuta mzee mtunza bustani ameshika reki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wako ameshaamka, yuko kule kwenye mauamiba ya nyuma."

Mauamiba ni jina alilobuni yeye. Ni Leonotis, mmea mrefu wenye maua ya rangi ya chungwa yaliyojipanga duara kulizunguka shina, duara juu ya duara, na kila duara lina miiba inayochoma hata juu ya suruali. Na "wako" ni chozi wa mabawa ya dhahabu, ndege mdogo anayekunywa nekta, dume. Mdomo wake umepinda kama mundu, mwili una mng'ao wa shaba, na pembeni mwa mabawa na mkia kuna njano unayoiona hata akiwa kivulini.

Ile shaba ndiyo inayotesa. Haikupakwa kama rangi ya ukuta. Inatokana na jinsi unyoya ulivyoumbwa na unavyorudisha mwanga. Jua likiwa mgongoni kwako, kifua cha juu na kichwa vinawaka. Jua likiwa nyuma yake, umepiga picha ya ndege mweusi ti. Kwenye harusi ningemwambia bibi harusi asogee kidogo kushoto. Huyu hasogezwi, kwa hiyo nasogea mimi, kwa magoti, kwenye umande.

Saa moja hadi saa tatu ni kusubiri ukungu uachie. Kamera yangu ni Canon 7D ya mtumba na lenzi ya milimita 400 isiyofungua zaidi ya f/5.6, yaani haiingizi mwanga mwingi. Kwenye ukungu, ukitaka shata ifunguke na kufunga kwa 1/1000 ya sekunde inabidi upandishe ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, mpaka picha inajaa chembechembe. Akikaa tuli, 1/1000 inatosha. Akiruka, hata kwa 1/2000 mabawa bado yanaweza kutoka yamefifia. Halafu lenzi hii haishiki fokasi, yaani haioni wazi, chini ya mita tatu na nusu. Siku ndege anapokuamini akakusogelea, ndiyo siku unayomkosa.

Siri niliyoipata ni kwamba usimfukuze ndege, soma ua. Yale yaliyochanua upya yana nekta. Yale aliyokwisha kuyanyonya anayapita. Nakaa nikiangalia ni shina lipi hajaligusa, nafunga fokasi pale, nangoja. Na baada ya kila mzunguko anarudi kwenye kijiti kile kile kikavu, maana analinda shamba lake. Akija dume mwingine, vita.

Saa nne, meneja.

Amekuja na kahawa mkono mmoja, simu mkono mwingine. Sina ugomvi naye, lakini alinikalia kichwani hadi karibu saa sita, na hapo ndipo siku yangu ilipokwisha nguvu.

"Dogo, hebu ona." Kwenye simu kuna video: ndege mdogo wa kijani anaelea mbele ya ua jekundu, mabawa hayaonekani kwa kasi. "Nataka hivi. Hivi kabisa. Hewani, mdomo ndani ya ua."

"Bosi, huyu ni ndege mvumaji. Afrika hayupo. Yuko Amerika tu, kuanzia Alaska mpaka ncha ya kusini kabisa."

"Mbona wageni wangu wanasema wamemwona hapa hapa?"

"Wanamwona chozi. Wote wadogo, wote wanang'aa, wote wanakunywa nekta. Lakini si ndugu. Mvumaji ana undugu na teleka, yule ndege wa angani anayefanana na mbayuwayu. Chozi yuko upande wa shomoro."

Akanywa kahawa. Nikamweleza taratibu, kama unavyomweleza mama mkwe bei ya albamu: wavumaji wengine wanapiga mabawa mara 50 hivi kwa sekunde, ndiyo maana wanasimama hewani, na wapiga picha wa kule Kosta Rika huwawekea chupa za maji ya sukari na kuwazungushia flashi nne au tano ili bawa ligande. Chozi anaweza kuelea sekunde chache akikosa pa kukanyaga, lakini mimea ya kwetu ina mashina magumu, kwa hiyo anatua, anakula kwa adabu zake.

"Sasa si umtishe apae?"

Kabla sijajibu akapiga makofi. Dume akatoweka, na jua ndiyo kwanza limekaa vizuri.

Ningenyamaza kama lingekuwa hilo tu. Akamgeukia mzee. "Na haya magugu nilisema yafyekwe tangu juzi. Wageni wa Ijumaa wasiyakute."

Magugu! Nikasahau kwamba naongea na mtu anayenidai risiti. Nikamwambia kuna watafiti wawili Wamarekani, Frank Gill na Larry Wolf, walimchunguza chozi huyu huyu Kenya, kwenye Leonotis hizi hizi, wakachapisha mwaka 1975. Wakaonyesha kwamba ndege huyu hulinda maua pale tu nekta anayookoa inapozidi nguvu anazotumia kufukuza wenzake. Nekta ikipungua sana, au ikizagaa kila mahali, haoni faida ya kupigana. Ukifyeka hapa, hana cha kulinda, anahama, na mimi sina cha kupiga.

"Kwa hiyo ndege anapiga hesabu?"

"Anapiga, bosi." (Tena kuliko waajiri kadhaa ninaowajua, lakini hilo nililimeza.)

Akafikiri, akasema basi mstari wa nyuma ubaki, wa mbele ufyekwe leo. Mzee akaitikia "sawa bosi", akalitazama fyekeo lake, akasema halina makali. Akaketi kwenye jiwe kulinoa. Mpaka naondoka jioni alikuwa bado ananoa.

Baada ya hapo sikuangalia saa. Jua la mchana linachoma rangi zote, nikala ndizi nikiwa nimelala kifudifudi. Mgeni mmoja akaja na simu yake mpaka puani kwa ndege, akapata jani. Shingo ikakaza, mkono wa kushoto ukaanza kutetemeka chini ya uzito wa lenzi, nikaufunga kwa skafu kwenye stendi. Dume akaja, akaenda, akaja. Picha nyingi ni mkia peke yake, au ua tupu lililotikisika.

Jua lilipolala upande wa magharibi akatua kwenye shina nililokuwa nimelifungia fokasi, duara la tatu kutoka juu. Akainama, mdomo wote ukazama, na ua likambandika chavua kwenye paji la uso. 7D inapiga picha nane kwa sekunde, nikaiachia. Katika mfululizo ule kuna moja ambayo jicho lina nukta ya mwanga, chavua inahesabika punje, na shaba yote imewaka. Nimepiga mabwana harusi wengi. Sijawahi kumpiga aliyevaa vizuri namna ile.

Usiku nikamtumia meneja. Alijibu haraka: nzuri, lakini je, siwezi kulifuta lile shina kwa kompyuta ili aonekane anaelea?

Nikamjibu siwezi. Kwa maana ya kifundi naweza, ni kazi ya nusu saa, ila miguu imeshika shina, vidole vimekunjwa. Mtu yeyote anayejua ndege atacheka kipeperushi na jina langu liko chini yake. Nikaongeza kwamba nusu ya malipo iliyobaki ilitakiwa kulipwa jana.

"Tutaongea Jumatatu," akaandika.

Betri ziko kwenye chaji. Kesho saa mbili nina kipaimara, watoto kumi na wawili na mashangazi wao.