Nilivyohamishia Debian kwenye SSD bila kuinstoli upya

Kuifunga SSD, yaani diski ya kasi ya kielektroniki, ya GB 240 kwenye kompyuta yangu ya mezani kulichukua dakika 10: kebo ya SATA, kebo ya umeme, skrubu mbili. Sikutaka kuinstoli upya Debian, mfumo endeshi wangu wa Linux, maana mipangilio niliyoizoea ni ya miaka. Basi niliwasha kwa flashi yenye Linux, nikafomati SSD kwa ext4 (muundo wa kuhifadhi faili wa Linux), nikanakili kila kitu kutoka diski ya zamani kwa amri ya kunakili, rsync -aAXH. Kutumia flashi kulikuwa kwa makusudi: mfumo wa kwenye diski ukiwa hauendeshwi, hakuna faili linalobadilika huku unalinakili. Nikamalizia na grub-install, amri inayoweka GRUB, programu inayouwasha mfumo, kwenye SSD.

Ikawaka. Lakini pole pole vilevile, karibu dakika 2 mpaka kuingia. Iliniuma, kwa sababu hela ile niliidunduliza, na nikaanza kuamini nimeuziwa SSD mbovu.

Kilichonizindua ni mngurumo. SSD haina sahani inayozunguka, sasa ile diski ya zamani ilikuwa inahangaikia nini? Nikaandika findmnt /, amri inayoonyesha mfumo unaendeshwa kutoka wapi, na jibu likaja: /dev/sdb1. Kumbe mfumo mzima ulikuwa bado unaendeshwa kutoka diski ya zamani.

Kila patisheni (sehemu ya diski) ina UUID, yaani namba yake ya utambulisho. Rsync ilinakili kila kitu, pamoja na /etc/fstab (orodha ya patisheni za kufunguliwa mfumo ukiwaka) na grub.cfg (mipangilio ya GRUB), zote zikitaja UUID ya zamani. GRUB ilianzia kwenye SSD, ikasoma namba hiyo, ikarudi kulekule, na kwenye skrini halikutokea onyo lolote. Nikarudi kwenye flashi, nikapata UUID mpya kwa blkid, nikarekebisha fstab, kisha nikaingia kwenye mfumo wa SSD kwa chroot na kuendesha update-grub ili grub.cfg iandikwe upya. Safari hii nilichomoa diski ya zamani kabla ya kuwasha. Sekunde 20 hivi, na kimya kabisa!

Baada ya hapo niliwezesha fstrim.timer, ili kila wiki SSD ijulishwe nafasi zilizoachwa na faili zilizofutwa. Wapo wanaoweka discard kwenye fstab ili kazi hiyo ifanyike papo hapo. Kwa matumizi yangu, mara moja kwa wiki inatosha. Diski ya zamani nimeirudisha itunze picha na nakala za akiba, na kwenye mstari wake wa fstab nimeandika nofail: siku ikifa, kompyuta itawaka bila kuisubiri.