Siku moja maishani mwangu: mnyoo aliyejivika vazi la mwenyeji wake

Saa 1:30 asubuhi nilifungua maabara ya kituo chetu cha afya, kando ya Ziwa Victoria mkoani Mwanza. Kabla sijapangusa lenzi za darubini, wavuvi waliokesha wakivua dagaa walikuwa wamekwisha kupanga vikopo vya choo dirishani.

Kufikia saa 3 nilikuwa nachuja sampuli kwenye kiwavu, nikiishindilia katika kitundu cha kipimo kinachobeba miligramu 41.7, kisha nikiifunika kwa selofani iliyolowekwa glisirini. Mayai yatakayoonekana huzidishwa kwa 24 ili kupata hesabu ya gramu moja.

Saa 5 nililiona: yai refu, la manjano, lenye mwiba ubavuni. Kichocho cha tumbo, ugonjwa wa mnyoo unaopatikana majini ziwani. Mwenye kikopo alikuwa mama aliyehamia Dodoma, aliyekuja kusalimia nyumbani, na ambaye hajaingia ziwani kwa miaka 7.

“Dokta, kwani damu yangu haina askari?” aliuliza.

Nilimwekea kiti, kwa sababu swali hilo linastahili jibu kamili. Askari, yaani kinga ya mwili, wapo, tena hawalali, lakini mnyoo huyu, anayeweza kuishi miaka 3 hadi 10 na pengine zaidi ya 30, hukaa ndani ya mishipa ya damu akiwa amejifunika utando wa tabaka mbili aliobandika juu yake chembechembe za makundi ya damu yetu wenyewe, hivyo askari wakipita humwona kama ndugu. Wakimshtukia, huambua utando huo na kuotesha mwingine. Wanachokishambulia kwa ukali ni mayai, yapatayo 300 kwa siku kwa kila jike. Karibu nusu hayatoki. Hukwama, mengi katika ini, ambako kinga huyazingira hadi kovu linafunga mishipa na tumbo linajaa maji. Linaloniumiza zaidi ni kwamba hata yai linalotoka hupenya ukuta wa utumbo kwa kutegemea mashambulizi hayo hayo.

Saa 8 alipimwa uzito: kilo 60, yaani vidonge 4 vya prazikwanteli vya miligramu 600, alivyomeza baada ya kula ugali. Dawa hii huuchana ule utando, na hapo askari humtambua adui na kummaliza. Minyoo michanga, hata hivyo, huponyoka.

Saa 10, nikiandika rejista, alirudi kuomba vidonge vya kijana wake anayevua huku. Nilimsihi amlete mwenyewe kesho, na nikampa kikopo.